Injini ya ndege ndogo ikizima juu ya ziwa au Mau: jibu kwa msomaji wa Kisumu

SWALI: "Mume wangu anafanya kazi Nairobi, mimi na watoto tuko Kisumu. Alijifunza urubani pale Wilson na mwaka jana akapata leseni ya rubani binafsi. Sasa anataka kukodi Cessna 172 likizo ya Agosti, aje atuchukue mimi na watoto wetu wawili (miaka 14 na 10) atupeleke Nairobi, badala ya kushinda barabarani kupitia Kericho na Nakuru. Ndege yenyewe ina injini moja tu. Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa magari, anasema injini ikizima ndege huanguka kama jiwe, afadhali tungoje ndege ya injini mbili. Mume wangu anacheka na kusema ndege ni salama kuliko gari. Mimi nina hofu na sitaki kumvunja moyo. Ukweli ni upi? Na injini ikizima kweli, mimi niliyeketi hapo kando nifanye nini?"

JIBU: Dada, hofu yako ina msingi, na swali lako ni zuri kuliko majibu yote mawili uliyopewa. Shemeji amekosea kuhusu jiwe. Mumeo naye amekosea kuhusu gari. Nianze na mumeo, maana lake ni fupi.

Ule usalama anaouzungumzia ni wa ndege za mashirika ya abiria: marubani wawili, injini za tabo (za jamii ya jeti, si za pistoni), mafundi wa zamu na kanuni zinazowabana wote. Ndege ndogo ya binafsi ni jambo jingine. Marekani, ambako hesabu hizi zimetunzwa kwa miaka mingi, ndege ndogo hupata takriban ajali moja ya vifo kwa kila saa 100,000 za kuruka. Kiwango hicho kiko karibu zaidi na pikipiki kuliko ndege ya abiria unayopanda Kisumu kwenda Jomo Kenyatta. Anayekuambia vingine anakutuliza tu. Lakini tofauti na abiria wa boda, hapa sehemu kubwa ya hatari iko mikononi mwa rubani mwenyewe kabla hata hajawasha injini, na wewe unaweza kuikagua kwa maswali.

Pia ujue kwamba injini kuzima siyo inayoua zaidi. Zinazoua zaidi ni rubani kupoteza udhibiti wa ndege, na rubani kuingia kwenye mawingu au mlima. Ile Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi Juni 2018 na kuua wote 10 waliokuwemo iligonga milima ya Aberdare. Kwa hiyo nikijibu kuhusu injini peke yake nitakuwa nimekupa nusu ya jibu, na hali ya hewa itaingia humu humu.

Sasa jiwe. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa kasi ya kutosha, na bawa halijui kasi hiyo imetoka wapi. Injini ikivuta, kasi hutoka kwa propela. Injini ikinyamaza, rubani hushusha pua kidogo, na uzito wa ndege wenyewe ndio unaoisukuma mbele huku ikipoteza kimo polepole. Ni kama wanaboda wanaozima injini pale juu Riat na kuserereka hadi mjini Kisumu: hakuna anayesimama ghafla katikati ya mteremko, ila lazima mteremko uwepo. Mteremko wa ndege ni kimo chake juu ya ardhi.

Kwa Cessna 172, kila futi moja inayoshuka huipeleka mbele karibu futi 9, mradi rubani ashike mwendo unaotakiwa: noti 65 kwa modeli ya 172N, noti 68 kwa 172S, yaani kilomita 120 hadi 126 kwa saa. Futi 1,000 za kimo humpa takriban kilomita 2.7. Injini ikizima ndege ikiwa futi 3,000 juu ya mashamba, ana kilomita 8 hivi za kuchagua pa kutua na muda wa dakika nne. Nne tu, lakini ni nyingi kwa aliyefanya mazoezi.

Neno la kushika hapo ni "mwendo unaotakiwa". Akivuta pua juu akidhani ataifikisha ndege mbali zaidi, inapoteza mwendo na kushuka kwa kasi zaidi. Akiendelea kuvuta, bawa huacha kubeba. Marubani huiita stoli. Hapo ndipo lile jiwe la shemeji hupatikana, na linatengenezwa na mkono wa rubani, injini haina hatia. Modeli ya 172N iliyojaa uzito hustoli kwenye noti 50 ikiruka sawa bila flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Ikilazwa upande nyuzi 45 ili kukata kona kali, kiwango hicho hupanda kwa asilimia 19 hadi karibu noti 60. Ona jinsi nafasi inavyobanana: mwendo wa kuserereka ni 65, na kona kali tayari inadai 60.

Ndiyo maana wakati mbaya kabisa wa injini kuzima ni dakika ya kwanza baada ya kuruka. Uwanja uko nyuma yako, unauona, na moyo wote unakuvuta urudi. Lakini kurudi kunahitaji kona ya zaidi ya nyuzi 180, kwa sababu baada ya kugeuka bado lazima uilenge upya njia ya kurukia uliyoiacha pembeni. Ukiwa na futi 300 au 400 kona hiyo haiishi. Rubani huona ardhi inamkaribia, analaza ndege zaidi, anavuta pua, ndege inastoli na kuzunguka ikielekea chini. Wengi wamefia hapa. Wanaoshusha pua mara moja na kutua mbele yao, wakikwepa kidogo kushoto au kulia, mara nyingi hutoka wakitembea hata kama ndege imekuwa chuma chakavu.

Kuna hesabu inayoeleza kwa nini. Mwili uliofungwa vizuri, na kiti cha ndege, hustahimili kusimamishwa kwa nguvu mara tisa ya uzito wake. Ukigusa ardhi kwa kilomita 80 kwa saa, unahitaji takriban mita 3 tu za kusimama ili nguvu isipite hapo. Ua wa michongoma na mahindi vinatosha kukupa mita hizo. Ukigusa kwa 160, unahitaji zaidi ya mita 11. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali huwa mara nne. Kwa hiyo kutua taratibu, ndege ikiwa sawa, ikielekea upepo, kwenye shamba baya, ni bora kuliko kuingia kwa kasi kwenye shamba zuri.

Uwanja wa Kisumu una faida hapa: njia yake ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na Cessna 172 huhitaji sehemu ndogo tu. Mumeo akianzia mwisho kabisa wa lami badala ya kukatiza katikati ili kuokoa dakika mbili, injini ikizima kwenye futi 200 au 300 huenda bado ana lami mbele ya kutua. Muulize atakapoanzia. Wilson haimpi anasa hiyo: njia ni fupi zaidi, na nje yake kuna makazi upande mmoja na mbuga ya wanyama upande mwingine.

Tuje kwenye sababu, kwa maana hapo ndipo utakapopata usingizi. Injini ya Cessna 172 ni ya zamani kimuundo na ngumu. Silinda nne, kila moja na plagi mbili, na magneto mbili, yaani mitambo ya kutengeneza cheche za plagi, zinazojitegemea ambazo hazihitaji betri. Shemeji atakubali kwamba gari lake halina hayo. Injini kama hiyo kuvunjika yenyewe ndani hutokea, ila mara nyingi hutanguliwa na dalili: shinikizo la oili kushuka huku joto lake likipanda, vipande vya chuma kwenye filta, magneto moja kuangusha mizunguko ya injini kupita kiasi ikipimwa kabla ya kuruka. Kinachozima injini nyingi ni mafuta. Ama yameisha, ama yapo lakini hayaifikii injini.

Piga hesabu na mumeo, kwa kalamu. Modeli ya 172N yenye matangi ya kawaida hubeba lita 151 zinazotumika. Ikisafiri hunywa takriban lita 32 kwa saa. Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 265 kwa mstari ulionyooka. Pamoja na kupanda na kukwepa mawingu, weka saa moja na nusu na lita 50. Mbona basi waishiwe? Kwa sababu anatoka Wilson kuja kuwachukua, kwa hiyo anahesabu lita 100 kwenda na kurudi. Upepo wa kawaida angani nchini kwetu hutoka mashariki, kwa hiyo mguu wa kurudi Nairobi ndio mrefu. Asipopunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa akiwa juu, injini hunywa zaidi ya kitabu. Na avgasi, ile petroli ya ndege yenye rangi ya samawati, haipatikani kila uwanja wala kila siku, hivyo apige simu kwanza asije akategemea kujaza Kisumu. Kanuni humtaka abaki na akiba ya dakika 30 mchana. Wewe dai saa nzima, lita 32, zilizopimwa kwa kijiti ndani ya tangi. Mshale wa dashibodi ya Cessna si wa kuaminiwa na mtu mwenye watoto.

Mafuta kuwepo na yasifike ni mkasa wa aina nyingine. Maji huingia kwenye tangi kupitia mpira uliochakaa wa kifuniko, na ndege ikilala nje Kisumu usiku wa mvua usishangae kuyakuta. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na chini ndiko injini inakofyonza. Dawa ni kuchota sampuli kwenye kikombe cha kioo kutoka kila tangi na kwenye chujio la injini, kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza. Maji huonekana kama tone linalojitenga chini. Ikiwa rangi ya samawati imefifia na kuna harufu ya mafuta ya taa, basi kuna aliyetia Jet A-1 ya injini za tabo. Ndege hiyo isiwashwe. Halafu nyigu. Hupenda kuziba kwa udongo tundu la kupumulia la tangi, na tangi lisilopumua huacha kutoa mafuta ndege ikiwa tayari angani. Tundu hilo liko chini ya bawa, mtoto wako wa miaka 14 anaweza kupewa kazi ya kuliangalia.

Barafu nayo inashangaza wengi. Barafu Kisumu, nyuzi 28? Ndiyo, ndani ya kabureta. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye koo jembamba, joto hushuka ghafla kwa nyuzi 20 au zaidi, na unyevu wa ziwani huganda ukutani. Hutokea zaidi rubani akiwa amepunguza nguvu ili kushuka. Mizunguko huanguka polepole, kisha injini hukohoa. Dawa ni kuvuta kikamilifu kidude cha hewa moto. Mara nyingi injini hukohoa zaidi kwa sekunde kadhaa, maana barafu inayeyuka na kumezwa kama maji, na rubani mgeni hukirudisha akidhani ameharibu. Asikirudishe. Modeli ya 172S haina kabureta, kwa hiyo tatizo hili haina. Uliza mnapanda ipi.

Nguvu pia hupungua kwa kimo, kama asilimia 3 kwa kila futi 1,000, na joto huongeza ubaya. Uwanja wa Kisumu uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, ndege huruka kana kwamba iko futi 6,500. Wilson kwenye nyuzi 25 ni kama futi 8,000. Hapo rubani lazima apunguze mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kuruka. Asipofanya hivyo plagi huchafuka na injini huvuta vibaya, kisha watu husema "injini ilitufelia" ilhali ilikuwa imesongwa na petroli.

Na uzito. Viti vinne havimaanishi watu wanne. Modeli ya 172N hairuhusiwi kuzidi kilo 1,043 ikiruka. Ukiondoa ndege yenyewe na matangi yaliyojaa, hubaki kama kilo 270 au 280 za watu na mizigo, na kila ndege ina karatasi yake ya mizani yenye tarakimu kamili. Nyinyi wanne na mabegi mko pale pale ukingoni. Hakuna gunia la mchele wa Ahero la kumpelekea mama mkwe, samahani. Ndege iliyo ukingoni hupanda polepole, na kupanda polepole kunarefusha zile dakika za mwanzo tulizozitaja.

Njia yenyewe nigawe hivi. Mkitoka Kisumu kuelekea mashariki, tambarare za Kano ni rafiki: bapa, wazi, ingawa mpunga wa Ahero una maji, miwa ya Miwani na Chemelil ni mirefu, na vichuguu havionekani hadi umekaribia. Ziwa si rafiki. Cessna ina magurudumu yasiyokunjwa. Yakigusa maji kwanza, ndege huelekea kupinduka. Na gugumaji likiutanda Ghuba ya Winam huonekana kutoka juu kama malisho ya kijani. Aruke ndani ya umbali wa kuserereka hadi nchi kavu, na mkilazimika kupita juu ya maji, kila mmoja avae jaketi la kuokolea, lisipulizwe ndani ya ndege, la sivyo litakubana kwenye dari maji yakiingia.

Baada ya Muhoroni ardhi inapanda kukutana nanyi, na hapa ndipo pananipa wasiwasi zaidi. Akiwa futi 11,500 kwenye saa yake ya kimo, inayohesabu kutoka usawa wa bahari, juu ya Londiani na Mau Summit ana kama futi 3,000 tu chini yake, na chini kuna misitu na mabonde. Chai ya Kericho inaonekana kama zulia. Ni vigogo vigumu kwenye miteremko. Ni busara kufuata reli ya zamani na barabara kuu, Muhoroni, Londiani, Molo, Nakuru, ingawa mstari ulionyooka ungeokoa dakika chache, kwa sababu kandokando yake kuna mashamba yaliyo wazi na watu wa kuwaona. Mashamba, si lami yenyewe: barabara zetu zina nyaya za umeme, matatu na mikaratusi. Kuanzia Nakuru hadi Naivasha sakafu ya Bonde la Ufa hutoa nafasi nyingi.

Agosti ina mtego wake. Nairobi wakati huo hufunikwa asubuhi na mawingu mazito ya chini, na rubani wa leseni ya mumeo, asipokuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, haruhusiwi kuingia mawinguni. Upande wa Kericho na Nandi nako ngurumo na mvua ya mawe huanza mchana. Dirisha linabaki dogo: kuondoka Kisumu kama saa tatu na nusu asubuhi, baada ya kuthibitisha kwamba Wilson na Ngong pamefunguka. Pasipofunguka, hamwendi siku hiyo. Ukiona ana kikao Jumatatu asichoweza kukikosa, panda basi au ndege ya abiria na umwachie aruke peke yake au asiruke. Haraka ya kufika imeua marubani wengi kuliko magneto.

Injini ikizima, mumeo anapaswa kufuata mpangilio huu, na ni vizuri uujue ili umwelewe akinyamaza ghafla. Kwanza mwendo, pua chini. Pili kuchagua pa kutua na kugeukia huko. Tatu, akiwa na muda, kujaribu kuiamsha: swichi ya matangi kwenye yote mawili, mchanganyiko umejaa, hewa moto imevutwa, magneto zote mbili. Nne redio: Mayday mara tatu, mahali alipo, idadi ya watu, na namba 7700, ya dharura, kwenye transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Karibu na ardhi hufunga mafuta na magneto. Umeme mkuu huuzima mwisho, kwa kuwa flapu za Cessna hii huendeshwa na umeme. Moshi wa majikoni humwonyesha upepo.

Kazi yako wewe ni chache lakini zina uzito. Usimshike mkono, usipige kelele, usimuulize kitu katika ile dakika ya kwanza. Hakikisha mikanda ya watoto imekazwa, ile ya begani pia kama ipo viti vya nyuma. Kama haipo, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta ndege nyingine. Kabla ya safari, sukuma kiti chako mbele na nyuma uone kimejifunga kwenye reli yake. Vua miwani, kalamu na chochote chenye ncha. Karibu na kutua, fungua komeo la mlango, kwa maana mwili wa ndege ukipinda mlango hukwama. Jikunje, kichwa chini, mikono ikikinga uso. Ndege ikisimama kabisa, fungua mkanda, toa watoto, nendeni upande wa nyuma wa ndege mbali na propela, mita 50 au zaidi. Kisha msiondoke eneo hilo: ndege ikiwa na kitoa ishara cha dharura cha 406 MHz, waokoaji wanaitafuta ndege, na familia inayotembea msituni kutafuta barabara ni ngumu kupatikana.

Kuhusu injini mbili, nitasema kwa ufupi. Ya pili husaidia mikononi mwa rubani mwenye mazoezi ya mara kwa mara. Moja ikizima, ndege huvutwa upande mmoja kwa nguvu, na rubani wa wikendi asiye haraka wa miguu kwenye pedali za usukani wa mkia hupinduliwa. Ndogo nyingi za aina hiyo, zikiwa na uzito kamili kwenye kimo cha Eldoret au Nakuru, haziwezi hata kupanda kwa injini moja. Afadhali injini moja iliyotunzwa na rubani anayejizoeza. Kuna ndege kama Cirrus SR22 zenye parachuti ya kubeba ndege nzima, nazo ni nzuri, ila bei ya kukodi si ya Cessna na parachuti nayo inahitaji kimo.

Ushauri wangu kwa Agosti hii: usikatae, lakini safari ya kwanza isiwe hii. Watoto wabaki. Nendeni nyote wawili kwenye shule aliyosomea, mkae na mwalimu mkuu ana kwa ana, umuulize mbele ya mumeo: kutua kwa dharura alikofanya mazoezi mara ya mwisho ni lini, na je, yuko tayari kwa Mau akiwa na uzito kamili? Mwalimu mkweli hatakasirika. Mwombe aruke na mumeo saa moja, apunguze nguvu ya injini hadi chini kabisa wakiwa angani bila kumwonya, nawe uwe kiti cha nyuma. Utaona kwa macho yako ndege ikiserereka, na utaona mikono ya mumeo inafanya nini. Muulize pia kama anatimiza sharti la kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, ambalo ni la lazima kabla ya kubeba abiria; kwa safari hii ningependa awe amefanya zaidi.

Vitabu vya ndege vikaguliwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, si shemeji, hata awe bingwa kiasi gani wa Toyota. Watengenezaji wa injini hiyo ya Lycoming hupendekeza ifunguliwe yote baada ya saa 2,000 au miaka 12, na oili yenye filta ibadilishwe kila saa 50. Tarehe hizo zimeandikwa. Nyinyi mnaokodi ndege mna haki ya kuziona. Na kama hofu yako ni ile ya moyo kwenda mbio na kukosa hewa hata ukifikiria tu kupanda, hiyo muone daktari kwanza, kwa sababu abiria aliyeshikwa na hofu ndani ya chumba kidogo kama hicho humpunguzia rubani zile dakika nne.